Nondo Tulizofumua Alhamisi

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Kabla hata sijakujulia hali, nakiri jambo ambalo sijamwambia mtu: Alhamisi nilisema uongo mbele ya mafundi wote, na sijuti.

Sasa salamu. U hali gani huko uliko? Goti limepoa? Sisi ni wazima, isipokuwa macho ya Baba. Ramani za ujenzi hazioni tena. Anaishika ramani, anatikisa kichwa, kisha ananiambia, "Hebu soma, ujifunze." Tangu nimalize shule naenda naye kazini, na watu wanadhani mimi ndiye ninayesaidiwa.

Wiki hii Baba na mafundi wenzake walikuwa wakifunga nondo za kitako cha zege. Kitako hicho hulala juu ya nguzo nne zilizozamishwa ardhini, na juu yake husimama nguzo moja kubwa ya jengo. Mama Mhandisi alinieleza kwa mfano wa ngazi ya mpaka rangi, ile ya kutanua miguu. Uzito hushuka kimshazari ndani ya zege hadi kwenye kila nguzo ya chini, kama miguu ya ngazi. Miguu inataka kuteleza nje, na nondo za chini ndizo kamba inayoizuia. Kwa hiyo nondo nyingi zipite juu ya nguzo, kutoka moja hadi nyingine, si katikati.

Alhamisi nilitumwa waya wa kufungia. Baba hakunisubiri. Alifunga kwa mazoea, akazitawanya nondo sawasawa kama za sakafu. Niliporudi, Mama Mhandisi alikuwa ameinama akikagua, na zege limeshaagizwa kwa asubuhi ya Ijumaa.

"Nani aliyesoma ramani hii?"

Baba alikuwa akifuta koleo ambalo lilikuwa safi. Unanijua, Shangazi, mimi hata dukani naomba chumvi kwa kunong'ona. Nikajisikia nikisema, "Ni mimi. Nilikosea."

"Bingwa, usukani umemwachia mtoto!" akadakia fundi mmoja, wakaangua kicheko. Bingwa ndilo jina la Baba pale. Mama Mhandisi akanitazama, akamtazama Baba, akasema tu, "Fumueni. Kamba ikifungwa pasipo na mguu, itamshika nani?"

Tulifumua na kufunga upya hadi jioni. Nyumbani Baba akaikunjua ramani mezani, akanisogezea kiti chake.

"Nisomee," akasema. "Hiyo ya kujifunza tuiache. Sioni, mwanangu."

Ijumaa zege lilimwagwa, kila nondo ikiwa mahali pake.

Anaogopa wakijua watamwondoa kazini, na hospitali hataki kusikia. Wewe dada yake mkubwa ndiwe mtu pekee anayemtii. Mwite aje kukusalimu, umpe gazeti akusomee, ujifanye umegundua mwenyewe.

Wasalimie mapacha, na yule jirani yako mcheshi. Mungu akutunze, akuongezee nguvu za miguu.

Wako akupendaye,
Binti wa mdogo wako.

Shangazi, ukishaisoma barua hii ichane. Baba asijue kamwe kwamba nimekuambia.