Matairi ya Trela la Baba

Dada yangu mpendwa,

Natumai wanao wamepona mafua. Mimi kazi ya ukarani inaendelea.

Jumamosi Baba anataka kusafiri na Mama, wakivuta lile trela lao la kulala. Matairi yake yamekaa juani miaka mingi, na ubavuni yana nyufa zinazomeza ukucha. Fundi ametushauri tununue mapya, tena ya trela, yanayohimili uzito, si ya gari dogo. Baba akacheka.

“Mwenye kipara ni mimi, matairi bado yana meno. Karani, rudi kwenye mafaili yako.”

Dada, kila nikifumba macho nawaona wamepinduka barabarani, usingizi hauji. Anakusikiliza wewe tu. Ufunguo wa gari anaoutafuta tangu asubuhi nimeutia humu kwenye bahasha.

Mdogo wako mwoga