Herufi za Mgongoni

Jumatatu, 17 Julai 1905. Ifakara

Walimu wamefika mapema kujifunza njia yangu ya kusomesha. Wawili wa Mchombe, na Mkopi wa Lumemo. Nimewawekea sinia la pumba za mpunga. Unachora herufi kwa kidole, unatamka sauti yake, unafumba macho, unachora tena. Walicheka. Mmoja wa Mchombe akasema, "Karani, sisi ni walimu au kuku?" Nikacheka nao. Sikupenda.

Wadachi wanataka vijana wa kusoma hati za kodi. Kila darasa lina wasioshika herufi. Wanapigwa. Hawashiki. Kaka yangu kule Tanga aliitwa mjinga hadi akaota ndevu, mpaka nilipomfundisha kwa kidole na ngozi. Hilo ndilo jambo pekee ninalolijua vizuri. Akida, anayetutawala kwa niaba ya Wadachi na ninayemwandikia barua, ameniruhusu, huku akinitazama kama anayeuziwa mbuzi mgonjwa.

Alhamisi, 20 Julai

Mkopi amemleta mwanafunzi wake, Kalinga, mpwa wa jumbe. Mtu mzima, ana mke. Yuko shuleni tangu ilipofunguliwa na hajasoma neno hata moja. Anasema herufi zinabadilishana viti akigeuza tu jicho. Pumba hazikumsaidia. Vidole vyake vya jembe ni vigumu, havihisi.

Nikamwambia Mkopi achovye kidole majini, amwandike mgongoni. Anayeandikwa anahisi. Walio nyuma wanaona alama kabla haijakauka. Wote wanatamka pamoja. Kalinga aliruka. "Mwalimu, unaniandika au unanichuna?"

Kabla ya adhuhuri alisoma "mama". Kisha akageuza mgongo, akaomba jingine.

Jumanne, 25 Julai

Wale wa Mchombe wana haraka, na kiboko kiko karibu na mkono wao. Mkopi anasubiri. Ndiye mwalimu wa kweli kati yao. Amelihamishia darasa kando ya mto Lumemo, maji yawe karibu. Nilimsifu.

Dukani wananong'ona habari za mtu mwenye kibuyu cha dawa. Wanasema ukinywa maji yake na kupakwa, risasi ya Mdachi haikuingii. Askari wana amri ya kumkamata kila anayeyagawa. Nilinunua chumvi nikaondoka upesi. Sitaki kusikia mambo hayo. Anayesikia huulizwa.

Jumamosi, 29 Julai

Mkopi amekamatwa.

Ombasha, mkubwa wa askari wa hapa, alikuwa kwenye doria na watu wake. Amemkuta Mkopi na wanafunzi wake mtoni. Wanaume wamevua nguo za juu, mmoja anawapaka maji migongoni, wote wanaitika kwa sauti moja. Nani angeona shule pale? Mimi mwenyewe nisingeiona.

Ombasha anataka Mkopi apelekwe Mahenge, kwenye boma la Wadachi. Wanaopelekwa kwa kosa la kugawa dawa ile wananyongwa. Wamemuuliza nani alimfundisha. Hajanitaja. Wamempiga makofi, bado hajanitaja.

Nikinyamaza, atakufa. Nikisema, huenda tukafa wawili. Mchana kutwa nimefikiri hilo tu, na kila nikifikiri naona shingo yangu, siyo yake. Ninajichukia.

Jumatatu, 31 Julai

Nimesema. Mbele ya baraza, kwa sauti kama ya mtoto mwenye homa. Kwamba ni somo. Kwamba ni langu.

Akida aliandika neno moja kwenye karatasi, akamwita Kalinga alisome. Kalinga alitoa jasho. "Kobi," akasema. Watu wakacheka. Ombasha akapiga paja. "Kobe huyo! Shule gani hii?"

"Basi mwandike kwa maji yako," Akida akaniambia. "Tuone."

Bakuli likaletwa. Niliona jambo: askari wote walirudi nyuma, na Ombasha pia. Wanaicheka ile dawa, lakini hakuna aliyetaka tone limrukie. Nikachovya kidole. Nikamwandika Kalinga mgongoni, herufi moja moja. Alifumba macho, akatamka kila sauti, akaziunganisha.

"Kodi."

Akida alicheka mpaka akafuta macho. Alisema neno hilo hata kipofu angelijua. Mkopi hatakwenda Mahenge. Lakini amekusanya watu mtoni bila ruhusa. Viboko hamsa ishirini, palepale. Nililazimishwa kusimama karibu. Mkopi alilala bila kushikwa. Mwanzoni hakulia. Baadaye alilia. Ombasha hakuwa na haraka.

Shule ya Lumemo imefungwa.

Jumatano, 2 Agosti

Nimempelekea Mkopi mafuta ya nyonyo. Mkewe aliyapokea, hakunipa kiti. Mkopi amelala kifudifudi, nzi wanamsumbua. Sikujua nitazame wapi.

Akasema, "Umenitoa kwenye kamba, Karani. Nashukuru." Kisha akageuzia uso ukutani. Mkewe akafungua mlango.

Ningependa anitukane.

Jumatatu, 7 Agosti

Wale wa Mchombe hawaji tena. Wanawake wamewarudisha watoto mashambani. Njiani watu wananipisha bila kunisalimu. Zamani walinisalimu kwanza. Naogopa askari, naogopa na hawa.

Alhamisi, 10 Agosti

Kalinga alikuja asubuhi, akasimama nje ya kivuli cha nyumba. Mkopi ameondoka na mkewe. Wamevuka mto, kwa mwenye kibuyu.

Nilimwambia kwamba ni wazimu, kwamba risasi ni risasi, kwamba Mkopi anajua hivyo kuliko sisi wote.

"Ameshalipia maji yale, Karani," Kalinga akasema. "Mwache akanywe."

Hakuaga. Alishika njia ileile ya kivukoni.

Alasiri Akida aliniuliza mwalimu wa Lumemo anaendeleaje. Nilisema bado hajaweza kukaa, vidonda vya mgongo havijafunga. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea na kahawa yake. Nikarudi mezani kunakili barua. Hakuna aliyeniita tena mpaka jua likazama.