Kahawa ya Kikombe Kimoja

Jumanne, 1 Oktoba

Maji yamechemka mara mbili, nimeyasahau mara mbili. Zamu ya asubuhi leo. Ukungu umeshuka hapa Matongo mpaka mabati ya jirani hayaonekani, ni kuku tu wanaosikika. Nikasimama mlangoni na birika mkononi, sijui kwa muda gani. Mama alikuwa akisema: huyu Kemilembe anatembea lakini hajaamka.

Baba anakuja Ijumaa. Kutoka Bukoba, kwa basi, na magoti yake yale. Anasema anakuja kunisalimia. Uongo mtupu. Anakuja kumpima Chacha. Akimkataa, siolewi naye. Nimeshajiambia hivyo na ninaogopa, maana najijua, mimi si mtu wa kutoroka. Mama hayupo tena. Nimebaki na baba tu, na baba amebaki na mimi.

Nikachelewa kazini. Muuguzi mwenzangu akaniuliza kama ni malaria au ni mapenzi.

Alhamisi, 3 Oktoba

Chacha kaja na boksi nyuma ya pikipiki, limefungwa kwa mpira. Mashine ya kahawa. Kuna mzungu amemaliza mkataba wake mgodini, kauza vitu vyote pale Kewanja: friji, viatu, kitanda, na hii. Chacha ni fundi wa kuchomelea. Hajawahi kunywa kahawa maishani mwake. Kwao Nyanungu wana mibuni tangu enzi za babu yake. Wanachuma, wanauza, halafu wanarudi nyumbani kunywa chai ya maziwa. Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Hakukasirika. Alisema mzee wa Bukoba ni mtu wa kahawa, basi atakaribishwa kwa kitu cha kwao. Nikaacha kucheka. Ninampenda mtu huyu, vibaya sana.

Tukaijaribu. Unatia kikopo kidogo chenye kahawa ndani, unabana, unabonyeza. Inaguruma kidogo, inatoa kikombe kimoja chenye povu. Kimoja tu. Kikopo unatupa, ukitaka cha pili unaanza upya. Harufu ikajaa chumba kizima. Nikafumba macho, nikawa nyumbani, nyuma ya jiko, migomba inadondosha maji, mama anatwanga kahawa kwenye kinu, anaimba kitu kisicho na mwisho. Nilipofumbua, Chacha alikuwa ananitazama. Akauliza nilikwenda wapi. Nikamwambia mbali.

Ijumaa, 4 Oktoba

Baba amefika. Amekonda. Koti lake linamning'inia. Sikuwa tayari kwa hilo.

Kanywa uji, kalala.

Jumamosi, 5 Oktoba

Siku mbaya. Naiandika ili itoke kichwani.

Chacha alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi. Shikamoo kwa mikono miwili. Baba akaitikia vizuri, akamuuliza habari za mama yake, za ng'ombe, za mvua. Mambo yakaenda. Chacha akabonyeza mashine yake, akampelekea baba kikombe, akarudi kusimama karibu na mlango. Macho chini, mikono mitupu.

Baba hakunywa. Akangoja.

Nikajua anangoja nini, nikapata jasho. Kwetu mwenyeji ndiye anayeanza. Mgeni akifika analetewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, na mwenye nyumba anachukua punje ya kwanza, anaitafuna mbele yake, ndipo anampa. Ndiyo kumwambia haina sumu, na kama inayo tutakufa wote. Baba amelelewa hivyo na amezeeka hivyo. Kwa Wakurya, kwa kina Chacha, ni kinyume kabisa. Kijana ana aibu mbele ya baba mkwe. Hali mbele yake, hanywi mbele yake. Ndiyo heshima yenyewe, na Chacha alikuwa anaitoa yote, amesimama pale kama askari.

Ingekuwa birika, ningejimiminia, ningekunywa, kwisha. Birika moja, wote tumo. Lakini mashine hii kila mtu na chake. Nikakimbia kutengeneza kikombe kingine, nikanywa haraka, nikaungua ulimi. Baba akanitazama kwa huruma.

"Hicho ni chako," alisema. "Changu hakijaonjwa."

Povu likashuka. Kahawa ikapoa. Chacha akaaga, hajui amekosa nini.

Jioni nikamweleza baba. Alisikiliza. Akasema kwa Kihaya kwamba mtu mwenye heshima anamjua, na mtu anayeficha jambo anamjua pia, na wote wawili huangalia chini. Akasema hospitali ya kwetu inatafuta wauguzi, niombe uhamisho, nirudi. Hakupandisha sauti. Afadhali angefoka.

Nina hasira naye. Nina hasira na ile mashine. Nina hasira na mila zote mbili.

Jumapili, 6 Oktoba

Baada ya misa nililala mchana. Nikaota niko kwenye ukungu, mweupe, wa joto, natembea bila kugusa chini. Mahali fulani mama anatwanga. Namfuata kwa sauti. Nikikaribia, anasogea. Kisha mchi ukageuka kuwa mngurumo, nikaamka.

Baba alikuwa jikoni. Peke yake, kaiwasha mashine mwenyewe. Alinitazama akiwa na aibu kidogo. Akanywa, na kwa nini asinywe, kaitengeneza kwa mkono wake.

Akasema si mbaya. Akasema hii ni kahawa ya mtu anayekaa peke yake. Wazungu wamefikiria.

Kisha, akitazama nje, akaniambia kwamba nyumbani bado anachemsha birika zima, lile la wakati wa mama. Mkono umezoea. Anakunywa kikombe kimoja, inayobaki anamwagia migomba.

Sikulijua hilo. Miaka yote hii napiga simu, namuuliza amekula nini, sijawahi kuuliza anamwaga nini. Nikaenda chumbani kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Ninataka kubaki huku na ninajichukia kwa kutaka.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nilimwita Chacha getini pa kituo cha afya. Nikamweleza yote: punje, kikapu, mwenyeji kuanza. Nikamwambia kesho nikimleta baba kwenu Nyanungu kumsalimia mama yako, unywe. Mbele yake. Wewe wa kwanza.

Akawapisha wagonjwa wawili waliokuwa wakitoka.

"Ninywe mbele ya mzee wako, na mama yangu amekaa pale?"

"Ndiyo."

"Unajua unaniomba nini?"

Nikasema najua. Sikuwa najua, si kwa kina. Akavaa kofia yake ngumu, akawasha pikipiki, akaondoka bila kujibu. Vumbi lilikaa hewani muda mrefu. Nikalitazama mpaka likalala barabarani.

Jumanne, 8 Oktoba

Tulikodi gari mpaka Nyanungu. Baba kakaa mbele, mimi nyuma. Ukungu njia nzima. Mara unafunguka, unaona ng'ombe amesimama, halafu unafunga, ng'ombe hayupo. Nilihisi tunaendeshwa ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Mibuni imechanua. Sikuwa nimewahi kufika wakati wa maua. Meupe, mazito kwenye matawi, na harufu tamu. Baba akashuka, akaingia katikati ya mistari bila kuaga mtu. Akashika majani, akayageuza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mama yake Chacha akamfuata na fimbo yake. Wakatembea wakinyoosheana vidole kwenye miti, yeye Kiswahili chake cha Kikurya, baba Kiswahili chake cha Kihaya. Mama akasema miti hii imesomesha watoto wake wote na yeye hajui hata ladha yake. Baba alicheka. Kicheko chake cha kwanza tangu afike.

Ndani kulikuwa na sufuria moja nyeusi juu ya mafiga. Maziwa, majani, sukari, vyote vimechemka pamoja mpaka rangi ya udongo. Mama akamimina vikombe. Vyote kutoka sufuria ile ile. Baba mdogo wake Chacha alikuwepo, kwa niaba ya marehemu kaka yake. Chacha alikuwa kwenye kigoda mlangoni, na nilijua kigoda kile kimewekwa pale makusudi, nusu ndani, nusu nje.

Baba akashika kikombe. Akangoja.

Sikuomba Mungu. Nilisahau hata kuomba.

Chacha akanyanyuka. Akaja katikati ya chumba, akachukua kikombe, akakaa mbele ya baba, uso kwa uso. Akanywa. Chai ikamwagikia suruali. Hakuacha. Mama yake akavuta khanga akafunika uso. Baba mdogo akageukia dirisha kama kuna mtu kamwita.

Baba yangu aliona yote. Kikombe chake kikabaki katikati ya magoti na mdomo.

"Mama," alisema, "kijana amekosea?"

Mama hakufunua uso. "Kwetu mtoto hanywi mbele ya mkwe wake. Ni kama amekaa uchi mbele yako."

Kuni zikalia motoni. Baba akamtazama Chacha, na Chacha, kwa mara ya kwanza, alikuwa anamtazama yeye. Macho yamejaa maji lakini hayatoki.

Baba akanywa. Yote, ya moto vile vile. Kisha akanyoosha kikombe kwa mama, akaomba aongezwe.

Njiani kurudi alilala, au alijifanya.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Baba hajasema ndiyo wala hapana. Nimeogopa kumuuliza. Wagonjwa wachache, kila mtu kajifungia. Nilikaa dirishani nikasikiliza bati, nikasahau nilikuwa naandika nini kwenye kadi ya mtoto. Mama yake alinikumbusha, akacheka.

Chacha kanitumia ujumbe. Mama yake haongei naye tangu jana. Lakini kampikia.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimemsindikiza baba stendi ya Tarime. Mapema, baridi. Tulikaa kwenye benchi, begi lake katikati yetu. Alinunua maji, akanunua ndizi, akalalamika kuwa ndizi za huku si ndizi.

Basi likawashwa. Akanyanyuka taratibu, akishika bega langu. Nikajua atasema sasa au hatasema kabisa.

"Mwambie aje na wazee wake kabla ya Krismasi," alisema. "Waje wengi. Nyumba imekaa kimya mno."

Nikasema asante, baba. Nikasema tena. Alikuwa tayari ameshageuka, anapanda ngazi moja moja, mkono kwenye goti. Alipata kiti cha upande wa pili, sikumwona tena dirishani.

Nimepata nilichotaka. Nilisimama pale mpaka basi lingine likaja kuchukua nafasi ile na kondakta akaniuliza kama nasafiri. Nikamwambia hapana, nakaa huku.