Kitambaa Cheupe Ndani ya Sanduku la Ngozi

Garissa, Ijumaa

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Goti je, linakusumbua bado? Umeanza kuswali umesimama, au ungali kwenye kiti? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umechafuka.

Ile kazi ya vitu vya kale niliyokuwa nikijisifia kwako sasa naionea aibu. Tajiri wangu hununua masanduku ya ngozi ya wazee waliohamahama na ngamia, na vijaluba, vile vikasha vidogo vya nakshi, akawauzia wenye mahoteli. Wao ndani ya masanduku hupanga chupa za pombe. Astaghfirullah!

Mwezi jana tulinunua sanduku moja Sangailu. Aliyetuuzia ni mke wa mtu, na sanduku lilikuwa la mama mkwe wake, Bibi Halima, aliyekwenda Habaswein kumuuguza dada yake. Kwao mkwe hafungui sanduku la mama mkwe, ni utovu wa adabu. Basi kulifungua aliona haya, kuliuza hakuona.

Dukani tajiri akavunja kufuli, akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa, akanirushia. "Pangusia hicho." Nikakichovya kwenye mafuta, nikasugulia ngozi siku tatu. Kilinukia kafuri, mama. Kafuri! Na mimi niliyemzika baba sikujiuliza kitu. Najichukia.

Jumatatu Bibi Halima akaingia dukani. "Sanduku mimi sitaki, kaa nayo. Nataka ile nguo nyeube tu. Ni sanda yangu, wallahi. Nimeosha na Zamzam nikienda Hajj."

Tajiri akacheka. "Nguo ni nguo, bibi. Nitakununulia mpya."

Nikamletea. Ilikuwa ya kahawia, inanuka mafuta. Hakunitukana. Aliinusa, akaikunja taratibu, akasema, "Kuosha naweza kuosha, kijana. Lakini Makka narudi na mguu gani?"

Kazi niliiacha palepale. Shida ni kwamba nilishamsifia tajiri kasha lako lenye njumu za shaba, na nyumbani kwetu anapajua. Akija usimfungulie mlango, hata akisema nimemtuma mimi.

Msalimie shangazi aliyeninyonyesha, na kaka mkubwa mwambie anitafutie kazi yoyote, hata ya kuchimba visima.

Nilipokuwa mdogo ulinichapa kwa kulifungua kasha hilo, nami nikalia kwamba ndani ni kitambaa cheupe tu. Nisamehe, mama.

Mwanao anayenuka mafuta,
Swaleh