Bega Limepona, Nimeshindwa Kumwambia Mke Wangu

Mpendwa Tantine Daphrose, shangazi yetu wa redioni, naomba msaada na tafadhali usinicheke hewani, mi ni fundi wa nguo hapa Buyenzi, jina langu libadilishe uniite Anouar, na mke wangu umwite Houda. Mabega na mgongo wa juu vilinishika kwa kuinamia cherehani kutwa, shingo ikakataa kugeuka, nikitaka kuangalia nyuma nazunguka mwili mzima kama kabati, nikameza vidonge, nikabandika plasta, mama mkwe akasema ni jini limenikalia mabegani, nikamjibu kama ni jini basi hilo limenenepa.

Sasa Tantine, mi na Houda tulikuwa tumefika pale ambapo watu wanaulizana tu "umefunga mlango?" na "chumvi iko wapi?", lakini maumivu yalipozidi akaanza kunikanda kila jioni kwa mawese ya moto, shuka zote zikawa nyekundu, na akinikanda anaongea, ananisimulia wateja wake wa kusuka nywele, tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Bega likapona. Mi nikaendelea kulia, tena nalia vizuri kuliko nilipokuwa naumwa kweli.

Wiki iliyopita Houda alikuwa anasuka bibi harusi, mkono ukagoma kupanda, bibi harusi akaenda ukumbini nusu ya kichwa imesukwa na nusu imefunikwa kitambaa. Jioni nikamkuta jikoni anainua sufuria kwa mkono mmoja, ameuma mdomo. Nikamuuliza, "Ni nini?" Akasema, "Apana, si kitu. Lala hapo nikukande." Nikalala, Tantine. Nikalala! Nikisema ukweli ataniita muongo na tutarudi kwenye chumvi, nikinyamaza namuua mkono, nifanye nini?

*

Anouar, hewani nimekucheka, nisamehe. Lakini ulilala? Mkeo anauma mdomo kwa maumivu na we unatandaza mgongo kama samaki wa ndagala juani? Ungekuwa mdogo wangu ningekufuata huko Buyenzi na mwiko.

Kukaa nyumba moja na mtu usiyeongea naye kunauma, hilo nakuelewa, na halina plasta. Ila dawa yake haikuwa kumtwisha mwenzako ugonjwa uliokwisha.

Nilipiga namba uliyoniachia, nijue kama mkono wa Houda unakufa ganzi. Akapokea mwenyewe. Nikajifanya mteja wako wa nguo, nikauliza bega la fundi likoje. Akacheka sana.

"Bega lake lilipona zamani, mama. Misuli ikiuma inakuwa ngumu kama jiwe, hii yake iko laini kama unga wa mandazi. Mi najua."

"Na bado unamkanda?"

"Yeye hasemi kama limepona, na mi sisemi. Sasa nifanye nini? Angalau hapo tunaongea."

Nikashindwa kuendelea na uongo wangu, nikamwambia mi ni nani. Akakiri kwamba lake ni bega na mgongo wa juu, upande wa kulia, na analificha usije ukaacha kulia.

Mko wawili wajinga chini ya bati moja.

Basi sikiliza. Kukukanda wewe kukome leo. Mwekee kitambaa cha maji ya moto begani, kisha umkande polepole kwa viganja, si kwa nguvu zile za kubana pindo. Bega asiliache limekaa tu, alizungushe taratibu mara kwa mara. Wateja wake wakae chini kwenye kigoda ili asisuke mikono ikiwa juu, na apumzike kati ya kichwa na kichwa. We nawe inua meza ya cherehani, uache kuinama kama unatafuta sindano iliyopotea. Mkono ukifa ganzi au ukikosa nguvu, au maumivu yasipopungua, mpeleke kwa daktari, usingoje mama mkwe alete sheikh. Yakiambatana na kifua kubana, nendeni hospitali saa hiyohiyo.

Na mkimaliza kukandana, endeleeni kuongea. Mdomo haujaugua.

Ukweli mwambie leo, kabla hujagusa mafuta. Amenihakikishia atashangaa vizuri kabisa. Amekuwa akifanya mazoezi mbele ya kioo. Usimharibie.