Prostate, Si Ile Ingine

Mama Mwavita na bajukuu,

Funguo iko chini ya sufuria ya bugali. Kuku mubape maji. Ndugu yako Asani akifika, asikalie kiti yangu, na chai asipewe. Sukari ufiche.

Sababu munaijua. Munganga wa hospitali aliandika "prostate": kansa ya banaume, ingali ndogo. Asani akasoma vibaya, akatangaza soko yote ya Mulongwe: "Shemeji yangu ameambukizwa na ma-prostituée!" Yaani malaya! Miye, mzee wa miaka sabini na mgongo mubovu! Na weye ukamuamini, ukanigeuzia mugongo kitandani. Hiyo iliniuma kupita kansa.

Leo asubuhi amekuja kujaribu koti yangu nyeusi. "Shemeji, ukifa itanienea."

Munganga alisema naweza kungojea, bakipima tu, ao kupasuliwa. ~~Nitangojea.~~ Hapana! Naenda Bujumbura banipasue, hata kama waasi bamejaa kwenye barrière, bakifunga njia. Koti nimeivaa, jasho inanitoka. Nitapona, mama. Siku tutamuzika Asani, ndiyo hii nitavaa, nisimame mbele kabisa.

Chai mutakunywa siku hiyo, na sukari yote.

Babu yenu, na bwana yako mwaminifu