Mkwe Kakaa Chini ya Trela

Jumamosi, Lugoba. Jua limeanza kuchoma tangu asubuhi na vumbi la kokoto limenikaa kooni. Nina hasira. Naandika kabla hazijapoa, kwa sababu zikipoa nitaanza kumtetea mtu, na leo sitaki kumtetea mtu yeyote.

Majirani wananipita uani wananipa hongera. Mama Zuhura, mzee karudi! Mzee karudi wapi? Karudi Lugoba, ndiyo. Nyumbani kwake hajafika. Yuko kule barabara kuu, pembeni ya lami, kakaa kwenye kigoda chini ya trela na bukta yake, anajichemshia chai kwenye jiko la safari. Mke anaye, jiko la gesi analo, kitanda anacho. Anachemsha chai chini ya trela.

Baba Zuhura ni dereva wa lori la tajiri mmoja wa Dar, mizigo ya Kongo. Akipewa siku zake za kupumzika anakata kona Chalinze, anakuja na lori zima. Basi likizo yetu yote inageuka kuwa swali moja tu: gari linalala wapi?

Nyumbani haliingii. Mwaka wa kwanza alijitia ujuzi akalipitisha kwenye kichochoro mpaka uani, masika yale, likazama. Akamaliza mapumziko yake anachimba tope, na mihogo yangu ikaenda na maji.

Juzi akaanzia kituo cha mafuta. Yule msimamizi akalitazama lori kuanzia kichwa hadi mkia kama mtu aliyeletewa mahari pungufu. Akasema hapa wanalaza magari ya wateja tu. Mume wangu akaenda kwenye yadi ya kokoto, geti limefungwa hadi Jumatatu, na Jumatatu alfajiri yeye anaondoka. Akaja kwa mwenyekiti wa kitongoji kuomba uwanja wa mpira. Mwenyekiti, na tumbo lake lile, akasema uwanja ni wa wananchi. Sisi ni nani sasa, mbuzi? Na mbuzi wenyewe wanalala humo humo kila siku, sijasikia wameombwa barua ya ruhusa.

Kijiji kizima kinapanga mstari kumwagiza vitenge na dagaa wa safari, lakini likija suala la pa kuweka gari, hakuna anayemjua.

Nilishamwambia miaka yote, liache kwenye yadi ya tajiri huko Dar, panda basi kama binadamu wengine. Hataki. Anasema dereva akiachia funguo, akirudi anakuta mwenzake kakalia usukani. Nakiri hilo ni kweli, limewapata anaowajua. Lakini ukweli huo ndio umemfanya amwoe tajiri, mimi nikabaki mke mdogo.

Na hawezi kuliacha peke yake barabarani, eti dizeli itanyonywa. Nilimtafutia mtu wa kulilinda leo kwa saa chache tu, jirani yetu Pazi. Baba Zuhura akacheka. Akaniuliza, Pazi huyu huyu anayeuza dizeli kwenye madumu, unadhani anaitoa kisimani?

Hapo alinishinda, nisiseme uongo.

Sasa leo ndiyo ilikuwa siku ya posa ya Zuhura, binti yetu wa kwanza. Si siku ya kushtukiza. Kijana ni fundi wa injini za boti kule Mbegani, wazee wake walishaleta habari tangu mwezi uliopita, na siku ilipangwa kwa kufuata mapumziko ya huyu huyu bwana. Zuhura alichotaka ni kitu kimoja tu: baba yake akae pale mkekani, wakwe wamwone, wajue ana baba. Maana amekua akiulizwa shuleni, baba yako yupo kweli au ni wa kwenye simu?

Jana nikampelekea kanzu kule kule kwenye lori. Akaniambia kwetu Wakwere msemaji wa binti ni mjomba, na mjomba yupo, kwa hiyo yeye atakuwa wa nini? Nikamwambia awe wa kuonekana. Akasema sawa, atakuja akiwaona wanafika.

Akawaona.

Wageni walikuja na Noah, wazee wanaume wanne na kina mama wawili. Wakaingia, wakakaribishwa, kaka yangu Athumani akawapokea vizuri. Mimi na Zuhura tuko chumbani nyuma ya pazia, tunasikiliza. Ndipo mshenga wao, mzee mmoja mwenye sauti nzuri, akasema hawakupata shida ya njia kabisa. Wamemkuta dereva mmoja pale barabarani anachemsha chai chini ya lori, wakamsalimia, wakamuuliza kwa Bwana Shomari ni wapi. Akainuka kwa adabu kabisa, akawaelekeza: ile nyumba yenye bati la bluu, nyuma ya mashine ya kusaga. Mtu mpole sana, Mungu ambariki.

Bwana Shomari ndiye yeye! Kaulizwa nyumba yake mwenyewe, na wakwe zake mwenyewe, akanyoosha kidole.

Zuhura aliweka sinia chini. Alikaa kitandani akaanza kuchezea kona ya mtandio wake, na mimi nikajua huyu sasa analia kwa ndani.

Tukasubiri. Soda ikanywewa, ikaisha. Wakauliza kwa heshima, je, baba wa binti tutabahatika kumwamkia? Kaka Athumani akakohoa. Ningekuwa mimi ningesema lolote, ningesema anaumwa tumbo. Yeye na kiburi chake cha ujomba akawaambia, shemeji yuko safari, yuko Kongo, anawasalimu sana. Wote wakasema Mungu amrudishe salama.

Posa ikakubaliwa, alhamdulillahi. Tukala, tukawafungashia pilau ya njiani, wakaondoka. Na kwa kuwa ni watu wenye utu kuliko sisi, walipofika barabarani walisimamisha gari kumshukuru yule dereva mpole. Wakampa na pilau. Kula ndugu yetu, tumetoka kwenye heri. Haya kanihadithia mwenyewe, alasiri hii nilipokwenda kumkabili, anafuta midomo. Kapokea pilau niliyoipika mimi, ya posa ya mwanawe, kutoka mikononi mwa wakwe, kama sadaka ya msafiri.

Na akaila.

Nilimuuliza kwa nini hakusema ni yeye. Akajibu, ningesemaje, na bukta hii? Alikuwa anajiandaa kwenda kuvaa, walimuwahi, kisha akaona haya kuwafuata nyuma ili wamkute ndani na kanzu. Kila dakika iliyopita aibu ikazidi. Nikamtazama. Mtu huyu analipitisha lori milima ya Kitonga na breki zinanuka moshi, halafu anashindwa kusema mimi ndiye Shomari.

Zuhura ndiye aliyeniuliza lile la maana niliporudi jikoni. Mama, siku ya nikahi nani atakuwa walii wangu? Ndiyo hapo. Mjomba ana mdomo, lakini mbele ya shehe ni baba anayemshika kijana mkono na kumwozesha. Wale wazee watamwona. Watakumbuka bukta, watakumbuka kigoda. Watajua tuliwadanganya hadharani na kwamba baba mtu aliona bora aitwe mpita njia. Binti atakwenda kuishi na neno hilo Mbegani maisha yake yote. Siku ya ugomvi wa kwanza tu, wifi atamtupia.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho Jumapili atapanda gari la Msata, ashuke, achukue la Bagamoyo, afike Mbegani na kanzu yake, aombe radhi kwa mdomo wake. Kaka Athumani kakataa kumsindikiza, anasema haijawahi kuonekana upande wa mke ukawafuata wakwe nyumbani kwao baada ya posa, tutaonekana tunamng'ang'ania kijana. Anachoogopa ni uongo wake kufumuka, huyo, asinizuge na mila. Wakisema tunang'ang'ania, waseme. Zuhura mwenyewe kasema baba aende.

Na lori? Nitalilinda mimi. Nitakaa kwenye kigoda chini ya trela tangu asubuhi, na khanga zangu, na kisu cha kumenyea mihogo. Anayetaka dizeli na aje.

Nikamwambia, haya, nipe funguo. Akashtuka kama nimemwomba figo. Akazitoa mfukoni, akazigeuza geuza, akanitazama mimi, akalitazama lori. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, nimemzalia watoto wanne, nimemzika mama yake yeye akiwa Zambia. Mwisho akanipa. Nikazihesabu. Ya mlango ipo, ya kuwashia ipo.

Ya kufuli la tenki la mafuta kaitoa, kairudisha mfukoni.

Kanzu nimeshaipiga pasi. Kesho aende nayo hiyo funguo moja Mbegani, aishike mkononi wakati anawaeleza wakwe yeye ni nani.